Uji Uliokuwa Mtamu Bila Sukari

Nekesa mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana nakusikia hapo chumbani ukipiga pasi na kukohoa, na kila ukikohoa kalamu yangu inasimama. Niko mezani jikoni. Ukitoka sasa utaniuliza, "Baba, hiyo ni ripoti ya kazi?" nami nitasema ndiyo, na huo ndio utakuwa uongo wangu wa mwisho kwako, Mungu akinisaidia. Karatasi hizi nitaziweka juu ya sanduku lako leo jioni. Zisome kabla hujaondoka kesho, usingoje ufike Bungoma. Nataka ukisoma niwe karibu, ili kama ni kunikasirikia, unikasirikie ukiniangalia.

Sitakuambia habari za kufunga mlango, wala za marafiki, wala za vijana wa koleji. Shangazi yako alikuja juzi akayamaliza yote, na mengine akayarudia mara mbili. Mimi nina jambo moja tu.

Jana ulipokuwa unapanga nguo nilikuuliza kama umeweka lile daftari lako la kilo. Ukacheka. Ukasema, "Hiyo story niliacha, Baba. Nilijaribu, mwili wangu ukakataa. Kuna watu wameumbwa hivi. Si nitabeba tu inhela zangu za kifua, nikibanwa nimebanwa." Halafu ukaendelea kukunja sketi. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Nekesa, mwili wako haukukataa. Ni mimi.

Nitakueleza, lakini wacha nianzie mahali nilipoanzia kukosea, maana sikuamka siku moja nikawa mtu mbaya. Nimekuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi hapa Kitale tangu kabla hujazaliwa. Kazi yangu ni kuangalia gunia likiwekwa, kusoma kilo, na kuandika. Gunia likiwa zito, mkulima anafurahi. Likiwa jepesi, anakasirika na kusema mizani yangu ni mbovu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona mtu akisikitika kwa sababu kitu chake kimekuwa kizito. Kichwa changu kilijengwa hivyo.

Mamako alipougua ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa saratani ya tumbo, na karatasi za hospitali ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Kilo zilimtoka mpaka siku moja nilimbeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti kule nje na mkono wangu mmoja ukabaki bure. Mimi wa kupima magunia nilijua hesabu hiyo bila mizani. Lakini karatasi za hospitali nani anazisoma? Wakati huo mtu akikonda tu, kijiji kizima kilikuwa na jibu moja, na hata jina lake hawakulitaja. Walisema "ule ugonjwa", basi, na kila mtu alijua ni ukimwi wanaosema. Siku tuliyomzika Kimilili, kuna wanawake walikuja, wakakaa mbali, na chakula chetu hawakukigusa. Niliwaona. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mapaja ya kukhu wako, mama yangu, mikono yako kama vijiti, na nikasema moyoni kwamba huyu mtoto hakuna mtu atakayemwangalia hivyo. Atakuwa na mwili.

Leo najiuliza kama ungekuwa kweli ule ugonjwa, aibu ingekuwa ya nani. Haingekuwa ya mamako, wala yako. Lakini sikuwaza hivyo. Niliwaza juu ya macho ya watu.

Basi nikajifunza kupika. Unakumbuka chapati zangu za kwanza, zile ulizosema ni za kurekebishia viatu. Nilijifunza, na nilikulisha. Chai ya maziwa matupu, mayai, ugali wa pili baada ya ule wa kwanza, na ukisema umeshiba, nilikuwa nasema, "Mamako angemaliza." Nasikia haya kuandika maneno hayo. Ulikuwa unamaliza kwa ajili ya mtu aliyekufa.

Kila likizo nilikuleta kazini nikakupandisha kwenye mizani ya magunia. Barasa na wapakiaji wenzake walikuwa wanaacha kazi waje kuona. "Karani, mtoto amefika kiro ngapi?" Barasa na kiro zake. Siku uliyofika arobaini na tano, nusu gunia kamili, na ulikuwa darasa la nne tu, niliwanunulia wote soda. Ulicheka mpaka soda ikakutoka puani. Sijui kama kuna siku nimewahi kujivuna kuliko ile.

Pumu ilikuja ukiwa darasa la saba. Tulilaumu vumbi la mahindi nguoni mwangu, tukalaumu baridi ya Kitale, tukalaumu paka, na paka wa watu akafukuzwa bure. Daktari wa hapa alikupa inhela ya bluu, na mimi badala ya kuuliza maswali nikachukua kalamu. Kila muhula nilimwandikia mwalimu wako barua: tafadhali, mtoto ana kifua, asikimbie, asicheze, aketi chini darasani. Muhula baada ya muhula, mpaka ukamaliza kidato cha nne. Ulikuwa unaniangalia nikizitia kwenye bahasha. Hii ni barua yangu ya kwanza juu ya kifua chako isiyoomba uketi chini.

Halafu ikafika ile Januari baada ya mtihani, ulipobanwa siku mbili mfululizo, tukaenda hadi kliniki ya kifua kule Bungoma. Unamkumbuka yule sista wa miwani. Alikupima, akakusikiliza mgongo, akakupandisha kwenye mizani, na mizani ikasema tisini na sita. Mimi, mjinga, nikatabasamu. Ni mazoea. Yeye hakutabasamu. Alitoa kiti akaketi karibu nasi, akaongea polepole kama mtu aliyeyasema mara nyingi na hajachoka.

"Nekesa, una pumu, na hiyo tutaitibu. Lakini mzee, sikia pia hili. Huu uzito unamkalia kifuani. Mafuta ya tumbo yanasukuma huku juu, mapafu yanakosa nafasi ya kujaa. Na hayo mafuta hayakai bure, yanachokoza mwili, njia za hewa zinazidi kuvimba. Ndiyo maana dawa inafanya kazi nusu nusu."

Ukamuuliza, "Nikipunguza, itapona?"

"Sikudanganyi. Pumu inaweza kubaki. Lakini kwa mtu kama wewe, ukipunguza hata kiasi, kifua kinatulia. Utabanwa mara chache, na utapanda mlima bila kusimama. Punguza polepole, usijinyime chakula, na hii inhela ya kahawia ninayokupa uvute kila siku hata ukijisikia mzima. Usiache dawa kwa sababu umepungua."

Tulirudi, ukanunua daftari la kurasa thelathini na mbili ukachora mistari. Tarehe, kilo, mara ngapi nimetumia ya bluu. Mwandiko wako ni kama wa mamako, umelala kidogo upande wa kulia. Ukaacha sukari, ukaacha ugali wa pili, ukaanza kutembea asubuhi mpaka njia panda na kurudi. Wiki ya kwanza ulisimama mara tano njiani, nilikuwa nakuangalia kutoka zizini. Kila Jumamosi ulikuja ghalani nikifunga kazi, unavua viatu, unapanda mizani, nami nasoma.

Tisini na tano. Tisini na tatu. Pasaka ikapita, tisini na moja. Hadi Juni ulikuwa umefika themanini na saba, na nyumba hii ilikuwa imebadilika. Ulikuwa unalala bila kuegemea mito mitatu. Ile inhela ya bluu ilikaa kwenye dirisha mpaka ikashika vumbi. Siku moja ulirudi kutoka njia panda ukiimba, Nekesa, unapanda kile kilima na wimbo mdomoni, na mimi nikasimama na ndoo ya maziwa nikasahau kuitua. Niliyaona haya yote. Siwezi kusema sikujua. Hapo ndipo penye uzito wa hii barua.

Mwezi huohuo tulienda Matulo kwenye matanga ya mjomba wa mamako. Ulivaa ile nguo ya kijani, ikawa inakupwaya mabegani. Nilikuwa nyuma ya hema natafuta kiti, na nikamsikia mwanamke mmoja wa kwaya akimuuliza mwenzake, "Yule si wa Nasimiyu? Naye ameanza kwisha kama mamake."

Mwenzake akasema, "Ati? Kumbe alizaliwa nao."

Ni hayo tu. Ningeweza kutokea pale nikawaambia, mtoto wangu anapungua kwa sababu anapona. Maneno hayo ni machache, hata wewe ungeyasema. Nilichukua kiti nikaenda kukaa. Nilikula wali wa matanga, na moyoni nilikuwa nimerudi Kimilili, siku ile ya mamako.

Kesho yake asubuhi nilipokuwa napika uji wako nilichota kile kinachoganda juu ya maziwa ya jana, vijiko viwili, nikakoroga. Nikajiambia ni leo tu, ili nguo isipwaye sana Jumapili. Siku ya pili nikatia vitatu. Halafu nikaanza kuchemsha samli yangu mwenyewe na kuiweka kwenye mkebe wa majani ya chai, nyuma ya debe la unga, mahali usipofika. Iliingia kwenye maharagwe, ikaingia kwenye sukuma wiki, hata kwenye maji ya ugali. Wewe ulikuwa unakula sahani moja tu kama ulivyoagizwa. Ulifanya kila kitu ulichoambiwa.

Siku moja ukasema, "Baba, siku hizi uji wako ni mtamu hata bila sukari."

Nikakujibu, "Ni huu wimbi mpya."

Ukaamini. Kwa nini usiamini? Ni babako.

Julai mizani ilisimama. Agosti ikaanza kupanda. Na sasa sikia, maana hili ndilo linaloniuma zaidi ya uji: ni mimi niliyekuwa nasoma. Kila Jumamosi ulivua viatu ukapanda, nami nikainama, nikasema kwa sauti yangu ya kazi, "Themanini na tisa." Ukaandika. "Tisini na mbili." Ukaandika. Barasa akauliza, "Karani, huyu mtoto anatembea kila siku na kiro zinapanda. Kwani anakula mawe?" Watu wakacheka, mimi nikacheka, na wewe pia ukacheka. Tulipofika nyumbani uliingia chumbani na nikakusikia ukilia ukiwa umefunika mdomo na shuka. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na jibu lote mkononi, nikaenda kukamua ng'ombe.

Ukaanza kujinyima. Ukaacha chakula cha jioni, kitu ambacho sista alikukataza, nami nikaona hujala jioni, nikazidisha asubuhi. Wewe unapunguza kwa kijiko, mimi naongeza kwa mwiko. Ile inhela ya bluu ikatoka dirishani ikarudi mfukoni. Ukarudia mito miwili, kisha mitatu.

Septemba tulienda Kimilili kumwona kukhu. Kutoka barabarani hadi kwake ni mwinuko, unajua, na katikati ulisimama ukashika mti wa ua. Nilifikiri unapumzika. Nikakuangalia na nikaona mabega yanapanda na hewa haiingii, na midomo yako imekuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Ulivuta inhela mara nne, tano, haikusaidia. Nilikubeba. Sikumbuki nani alileta pikapu, nakumbuka tu kiatu chako kimoja kilibaki njiani na kimoja nilikishika mpaka zahanati, na wakati wanakuwekea ile barakoa ya mvuke mimi bado nimekishika.

Hewa ilipoanza kurudi, nesi akakuuliza, "Binti, umeongeza uzito hivi karibuni?"

Ukaondoa barakoa kidogo. Ulisema kwa vipande, neno moja kisha pumzi, neno moja kisha pumzi. "Nimejaribu, sista. Mwili wangu. Haukubali."

Akaniangalia mimi, kwa vile mgonjwa hawezi kuongea na mzazi yuko pale. Akaniuliza, "Nyumbani anakula nini, mzee?"

Nikasema, "Chakula cha kawaida."

Nimeishi na maneno hayo matatu tangu siku hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi mwanangu sikuficha maradhi. Nilificha afya yako, nikaifukia kwa samli, ili wanawake wawili wa Matulo wasiseme.

Ule mkebe niliumwaga jioni ileile tuliporudi, nyuma ya zizi, na tangu hapo sijatia kitu. Lakini nilikuwa nimechelewa, kwa sababu wewe ulikuwa umeacha. Daftari ulilitupa kwenye kikapu cha kuwashia moto. Ukaanza kusema yale uliyosema jana, kwamba kuna watu wameumbwa hivi, na kila ukisema nilikuwa najiambia nitamweleza Jumapili. Jumapili ngapi zimepita? Na sasa unaenda kukaa peke yako, na nimeona unachobeba. Hubebi inhela tu. Unabeba imani kwamba ulijaribu kwa nguvu zako zote na ukashindwa, na imani hiyo ni ya uongo, na aliyeipika ni mimi. Nikikuacha uondoke nayo, siku ukibanwa huko kwenye chumba cha koleji nitakuwa nimekushika koo kutoka Kitale.

Kwa hiyo shika ukweli wenyewe. Kutoka Februari hadi Juni ulipungua kilo tisa na kifua kikafunguka. Hiyo ilikuwa kazi yako, hakuna aliyekusaidia. Kutoka Juni kwenda mbele, kile ulichokiona kwenye mizani hakikuwa chako.

Daftari halikuchomwa. Nililitoa kwenye kikapu nikalificha, na leo asubuhi nimelifungua. Kila Jumamosi baada ya matanga ya Matulo, pembeni ya mwandiko wako, nimeandika kwa kalamu nyekundu ya kazini: hii ni ya babako. Ziko kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili kama mzigo wa watu. Daftari liko ndani ya sanduku lako chini ya sweta ya bluu, na kurasa nyingi bado ni tupu. Ukitaka kuendelea, endelea. Kliniki ya yule sista haiko mbali na koleji yenu. Ukienda, mwambie kilichotokea, usinifichie. Akisema neno baya juu yangu, mwache amalize.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Kusamehe haraka ni tabia yako, uliitoa kwa mamako, na safari hii nakuomba usikimbilie. Kaa nayo. Kasirika. Ni afadhali nipokee hasira yako kuliko ile huzuni uliyokuwa nayo bila kujua imetoka wapi.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna kitu cha leo. Shangazi yako aliniambia nikupikie uji mzito kesho, wa safari. Mchana huu nilienda kuangalia maziwa ya jana, na kabla sijajua ninafanya nini, kijiko kilikuwa mkononi na mkono uko juu ya sufuria ya maziwa. Hakuna mtu aliyesema umekonda. Hujakonda. Ni mkono tu, umezoea. Nilikiweka chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe mpaka ng'ombe akalia. Kwa hiyo usiseme baba amebadilika. Sema baba anajaribu, na unajua wewe kujaribu ni nini.

Kesho asubuhi usinywe uji wangu. Amka upike mwenyewe, unga uko kwenye debe, na nyuma ya debe hakuna kitu, angalia kwanza. Mimi nitachota maji nikuletee hadi mlangoni, jikoni sitaingia. Ukimaliza, kama utakuwa umeshasoma hizi karatasi na bado unaweza kuniangalia, nimiminie kikombe kimoja. Usitie sukari. Na kama utakunywa wako ukaondoka bila kunipa, nitaelewa, nitabeba sanduku lako hadi barabarani vilevile.

Ni mimi,
babako.